Mvumo wa Obokano Wataka Sikio la Nyumbani

Alasiri moja, pale Masimba katika nchi yetu ya Wagusii, niliketi katika nyumba ya mzee mmoja mpigaji wa obokano, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakunipa idhini ya kulitangaza, nikiwa na simu mkononi na nia njema moyoni, wala sikuwa na kitu kingine. Maana nilidhani, kama wadhanivyo wengi wa zama hizi, kwamba simu ijuayo kupiga picha, kutuma fedha na kuonyesha njia haiwezi kushindwa kunasa sauti ya nyuzi nane. Mzee alikaza nyuzi zake moja baada ya moja, akainamisha kichwa kana kwamba anasikiliza habari kutoka ndani ya ule mti, kisha akaanza. Hakufika mbali. Mvua ya milima yetu, ambayo desturi yake ni kuwadia baada ya adhuhuri pasipo kubisha hodi, ilishuka juu ya mabati ya nyumba ile kwa kishindo cha mtama umwagwao juu ya ungo, nami nikaendelea kunasa, kwani nilisikia kwamba simu yangu ina hila ya kuondoa kelele.

Naam, iliiondoa mvua kwa kiasi fulani. Lakini tulipokaa kuisikiliza kazi yangu, mzee alisikiliza kwa nusu dakika tu, akaniambia, "Mwanangu, hii si obokano yangu. Huyu ni mtu aliyezibwa mdomo." Nikasikiliza tena, nikajua kwamba amesema kweli. Simu, ambayo walioitengeneza waliikusudia maneno ya binadamu, huhesabu kila uvumi unaodumu kuwa ni uchafu wa kufagiwa. Nayo ilipoutafuta uchafu katika nyumba ile iliukuta wa namna mbili, uvumi wa mvua juu ya bati na mvumo wa obokano yenyewe, ikavihukumu vyote viwili kwa hukumu moja. Kilichobaki kilikuwa noti tupu, safi, baridi, mithili ya mifupa iliyooshwa.

Kwa wasomaji ambao si wa Kisii wala Nyamira, yafaa nieleze ala hii ni nini. Obokano ni ya aila moja na nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, ila yenyewe ni kubwa kuliko hizo na sauti yake ni nzito zaidi, hata watu wa ng'ambo wameifananisha na besi kubwa ya okestra. Ina bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili iliyounganishwa juu kwa mti wa kukingama, na nyuzi nane ambazo zamani zilikuwa za mishipa ya mnyama na siku hizi aghalabu ni za nailoni. Mpigaji huketi nayo mbele yake, akaimba kwa sauti ya kifuani habari za mashujaa, za ndoa, za misiba na za mambo ya siku. Na chini ya sauti yake, muda wote, pana ule mvumo wenye mkwaruzo, usio noti wala ukelele, ambao kwa sikio la mgeni ni kasoro na kwa sikio la Mgusii ndio roho ya obokano. Asiyesikia mvumo hakusikia obokano.

Kisa hicho kidogo ndicho kilichonifanya nitafakari juu ya kazi moja ambayo magazeti yetu hayaitaji, nayo ni kazi ya fundi wa kurekodi muziki na mwenzake mtayarishaji, ambaye vijana wetu humwita produsa. Sisemi habari za wale wanaotengeneza midundo ya nyimbo za msimu, ingawa nao wana ustadi wao. Nasema habari za wale waliojitolea umri wao kuunasa muziki wa klasiki, yaani muziki wenye kanuni zake, walimu wake, na nasaba ya wanafunzi waliorithishana ustadi kwa miaka mingi. Kwa maana hiyo muziki wa klasiki si mali ya Vienna na Milan peke yake. Ngoma za entenga za Buganda ni klasiki, taarabu ya Unguja ni klasiki, na obokano ya Masimba ni klasiki, nami simuombi mtu radhi kwa kusema hivyo.

Kazi hii ina tarikhi ya kupendeza. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Fred Gaisberg, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1873, ambaye aliitumikia kampuni ya Gramophone ya London na kusafiri na mitambo yake toka mji hadi mji kama mchuuzi na bidhaa zake. Mwezi wa Aprili 1902, katika chumba cha hoteli mjini Milan, alimrekodi kijana Enrico Caruso nyimbo 10 kwa ujira wa pauni 100, na inasimuliwa kwamba wakuu wake wa London waliona ujira huo ni wa kupita kiasi wakamkataza, naye akaendelea. Santuri zile zilimfanya Caruso kuwa sauti ya dunia, na dunia ikaamini kwamba kile kipembe cha bati kilichonasa sauti ni chombo cha maana. Katika mwaka uo huo wa 1902 Gaisberg alifika Kalkuta kuwarekodi waimbaji wa Kihindi. Tazama basi jinsi kazi ilivyokuwa tangu mwanzo: si kujua mitambo tu, bali kujua ni nani wa kusikilizwa, na kuwa na ujasiri wa kulipia sikio lako pale mkubwa wako asiposikia.

Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ilipanuka ikagawanyika mikono miwili. Fundi wa sauti alishughulika na ukumbi, waya na maikrofoni; na katika kampuni ya Decca, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mafundi walibuni namna ya kuzitundika maikrofoni tatu juu ya kiongozi wa okestra, katika umbo la mti wenye matawi, namna ambayo ingali ikitumika hadi leo. Mtayarishaji kwa upande wake alishika kitabu cha noti, akasikiliza kila pumzi, akaamua lini kurudia na lini kuacha. Katika watayarishaji hao John Culshaw ndiye wa kupigiwa mfano, maana kati ya mwaka 1958 na 1965, katika ukumbi wa Sofiensaal mjini Vienna, yeye na kiongozi wa muziki Georg Solti waliunasa mfululizo mzima wa opera nne za Wagner uitwao Pete ya Nibelung, kazi ya saa zaidi ya 14 ambayo hakuna kampuni iliyokuwa imeikamilisha katika studio kabla yao.

Katika kazi hiyo lipo jambo moja linalonihusu mimi na mzee wangu wa Masimba. Mtunzi, katika opera ya kwanza ya mfululizo ule, ameandika kwamba zigongwe fuawe 18, zile fuawe za wahunzi, kuonyesha jinsi watumwa wa chini ya ardhi wanavyofua dhahabu. Aghalabu majumba ya opera huzipunguza idadi, au huweka vyuma vingine badala yake, kwa hoja kwamba kelele ni kelele. Culshaw alikataa. Alisema kwa vitendo kwamba mtunzi aliyeandika 18 alisikia 18, wakaenda kuzitafuta fuawe za kweli, wakazileta ukumbini, wakaweka wagongaji wa kuzigonga. Kelele ile, kwa mtu asiyejua Wagner, ni karaha ya kiwandani. Kwa ajuaye, ni nusu ya maana ya kisa. Culshaw aliijua kwa sababu alikuwa ndani ya mila ile, amelelewa nayo na kuisoma, sikio lake limekwisha kuelekezwa. Laiti obokano nayo ingempata Culshaw wake.

Kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni, mwimbaji ndiye aliyesafiri kuifuata mashine. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, mwana wa kijiji cha Fumba, alipanda chombo na wapigaji wake wakavuka bahari hadi Bombay, ambako kampuni ile ile ya Gaisberg, kwa chapa ya His Master's Voice, ilimrekodi akiimba Kiswahili. Na santuri zake ziliporudi pwani ziliuzwa na kuchezwa barazani hata watu ambao hawakuwahi kumwona wakamjua kwa sauti. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alikuwa akiandika juu ya mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kutangulia mbele ya kalamu. Hata hivyo santuri ya siku hizo haikuchukua zaidi ya dakika tatu na kitu kwa upande mmoja, na wimbo wa taarabu ambao usiku wa harusi ungeweza kutandazwa kwa muda upendao, ulilazimika kukatwa uenee katika sahani kama nguo ya mtu mzima iliyokatwa kumvika mtoto.

Mmoja wa walioigeuza safari hiyo, wakaifanya mashine imfuate mwimbaji, ni Hugh Tracey, na kwa kuwa maisha yake ni darasa la kazi hii kwa uzuri wake na upungufu wake, nitakaa kwake kidogo. Alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa bado kijana kumsaidia ndugu yake katika shamba la tumbaku, na huko shambani akajifunza lugha na nyimbo za wafanyakazi. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 hadi Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ilikuwa imeleta mitambo, wakarekodiwa. Aliporudi kwao mwaka 1931 alionana na watunzi wakubwa wa Kiingereza, Vaughan Williams na Gustav Holst, nao wakamshauri aendelee kuukusanya muziki huo badala ya kuuacha; akafuata shauri, na hakuliacha hadi alipofariki mwaka 1977. Mwaka 1954 aliasisi huko Afrika ya Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na mfululizo wake wa Sauti ya Afrika peke yake una santuri 210.

Namna yake ya kufanya kazi yastahili kuchunguzwa na kila kijana apendaye ufundi huu. Alisafiri na gari lenye mitambo pamoja na jenereta, na kwa kuwa jenereta hunguruma, ilimpasa kuiweka mbali na kuvuta waya mrefu hadi walipo wapigaji. Hakuisimamisha maikrofoni juu ya kijiti akaondoka. Aliishika kwa mkono wake mwenyewe, akaisogeza kwa mwimbaji wakati wa maneno na kuirudisha kwa ala wakati wa vidole, akiamini kwamba kurekodi ni kama kuchora taswira ya mtu, kwamba mchoraji hana budi kuchagua. Kwa kila santuri aliandika mahali, lugha, ala, na majina ya wapigaji kadiri alivyoyapata, na alichukua seti ya uma za sauti kupimia jinsi kila ala ilivyotiwa noti.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya jirani zetu Wakipsigis, mahali ambapo mtu wa Masimba akivuka Sotik hachelewi kufika, na hapo akanasa wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika vijijini, nao wasichana wakalitamka Kikwao na kumfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Baada ya zaidi ya miaka 60 maktaba ile ya Tracey, ikishirikiana na kituo cha Ketebul Music cha Nairobi kilichoasisiwa na Tabu Osusa, ilizirudisha rekodi hizo kwa wenyewe, na wazee wakasikia sauti za ujana wao.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Katika mwaka 1950 na 1952 Tracey alirekodi muziki wa jumba la Kabaka wa Buganda, na miongoni mwa ala alizozinasa ilikuwamo entenga, safu ya ngoma 15 zilizotiwa noti na kupigwa na watu sita, wanne wakizishika ngoma 12 za wimbo na wawili wakizishika tatu zilizobaki. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote yalilivamia jumba la Mengo, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni, ala za jumba zikateketea na kupotea, na wapigaji wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Mwaka uliofuata ufalme wenyewe ulifutwa, wala haukurudishwa hadi mwaka 1993. Katika muda huo wote, ile entenga ya jumba iliendelea kulia mahali pamoja tu, ndani ya mifereji ya santuri. Vivyo hivyo kanda za Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa mlinzi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, ambazo nakala zake zimerudi Makerere, zimewapa wanafunzi wa leo kusikia wapigaji ambao makaburi yao yamekwisha kuota majani.

Wapo watakaoniambia kwamba nawasifu wakoloni, na hoja yao siidharau. Ni kweli kwamba mtu alipanda gari, akanasa sauti ya mwenzake, akaenda nayo nchi ambayo mpigaji hakuweza kufika. Ni kweli kwamba muziki mrefu ulikatwa ukawa mfupi kwa ajili ya sahani. Na ni kweli kwamba Tracey aliupenda zaidi ule alioudhani haujachanganyika, kana kwamba Mwafrika akishika ala mpya amefanya dhambi, ingawa, kwa insafu, yeye ndiye aliyemrekodi mpigaji gitaa wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, mwaka 1952. Lakini mimi nina hoja ambayo naiona ni kubwa kuliko hizo, nayo ni ya mvumo.

Ala nyingi za bara letu zina kitu cha kuvumisha kilichowekwa makusudi. Mbira za Washona zina makombe ya konokono au vizibo vya chupa vinavyotikisika. Kinubi cha Waganda kiitwacho endongo huwambwa ngozi ya kenge, nazo nyuzi zikiikaribia hukwaruza. Tracey aliyajua hayo kuliko wazungu wengi wa siku zake, na aliyaandika kwa heshima. Walakin alipoanza, katika miaka ya 1950, kutengeneza kalimba ya kuuza ng'ambo, ile ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake, aliitengeneza safi, bila vivumishi, kwa sababu aliwajua wanunuzi wake na masikio yao. Sisemi alikosa, mfanyabiashara huuza kinachonunuliwa. Nasema tu kwamba ikiwa rafiki mkubwa kama huyo, aliyetumia takriban miaka 50 katika kazi, alipofika sokoni aliuacha mvumo nje ya mlango, basi tusitaraji kwamba mgeni mwingine atakuja kuulinda wa kwetu. Na simu haina hata urafiki huo. Yenyewe ni mgeni asiyejua kuwa ni mgeni.

Hapa ndipo penye neno langu lote. Maikrofoni haina maoni, bali aishikaye anayo. Na yale anayoyaona kuwa kasoro atayaondoa, na yale anayoyaona kuwa uzuri atayasogelea. Kwa hiyo ufundi wa kurekodi si jambo la kununua vyombo na kuvirundika, ni jambo la sikio lililolelewa mahali. Culshaw alizileta fuawe 18 kwa kuwa alikuwa mwana wa nyumba ile. Obokano nayo itanaswa sawasawa siku atakayeinasa atakuwa kijana aliyelala usiku kucha katika arusi ya Kigusii akasikia mvumo ule mpaka usingizini, kisha akafunzwa fizikia ya sauti.

Na vijana hao hawakosekani. Nenda Kisii mjini, nenda Keroka, nenda Nyamira, utawakuta katika vyumba vidogo vilivyopigiliwa magodoro ukutani, wakirekodi kwaya za Kiadventista na nyimbo za harusi, wakiungua na jua la mchana katika kuvuta waya viwanjani, wakijua kwa uzoefu ni sauti gani ya kwaya iwekwe mbele na ipi nyuma. Kwaya ndiyo iwalishayo, nami sioni aibu hapo, maana Caruso ndiye aliyemlisha Gaisberg. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba ufundi wao una upande mwingine wenye fahari, na wa kuwalipa kwa siku chache wanazoacha kwaya wakaenda kwa mzee. Baadhi ya wahubiri, tangu zama za misheni, walizifundisha aila zetu kuiona obokano kuwa ala ya pombe na ushirikina, na kwa ajili hiyo wazee wengi walifichama na ustadi wao. Mimi naamini leo hata muumini mwenye msimamo anaweza kutofautisha kati ya mti wenye nyuzi na dhambi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, ambayo inatambua kwamba jamii ni mwenye mali hiyo na idhini yake haina budi kutakwa. Hivyo sina haja ya kuomba sheria mpya. Naomba mambo manne tu kwa serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, pamoja na vyuo vyetu vikuu. La kwanza, chumba kimoja kimya, chenye dari nzito chini ya bati, kwa maana katika nchi yetu adui wa kwanza wa rekodi ni mvua juu ya mabati. La pili, vijana wachache wa kufunzwa, wanaojua Ekegusii na kuipenda, wapelekwe kukaa na mafundi wa Nairobi ambao wamekwisha kuzunguka Afrika Mashariki na studio ya kubebwa garini. La tatu, wimbo unaswe mzima, ukiwa wa dakika 40 basi dakika 40, kwa kuwa sahani ya dakika tatu imekwisha kwenda zake na hatuna udhuru. La nne, kila kanda iandikwe jina la mpigaji, mahali, tarehe na masharti aliyoyatoa, na nakala zihifadhiwe pahala zaidi ya pamoja, moja yao ikiwa nyumbani kwake.

Nitaambiwa kwamba kaunti zina barabara za kutengeneza na hospitali za kutia dawa. Najua, nimekanyaga tope la barabara hizo. Lakini bei ya chumba kimoja na maikrofoni mbili njema haifiki bei ya gari moja la mkubwa, na barabara isiyotengenezwa mwaka huu inaweza kutengenezwa mwaka ujao, ilhali mzee akiondoka mwaka huu haji kurekodiwa mwaka ujao.

Nami nisionekane mtu wa maneno matupu, nilirudi kwa yule mzee. Nilikwenda saa moja ya asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, nikiwa na kinasa sauti kidogo nilichoazima kwa kijana mmoja wa kwaya, ambaye alikuja nacho mwenyewe. Kijana alilitazama bati, akazitazama kuta, akaomba tuhamie jikoni, nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, akisema udongo na nyasi havirudishi sauti kwa ukali. Alitandika blanketi juu ya meza, akaizima ile hila ya kuondoa kelele, akaiweka maikrofoni hatua moja mbele ya ngozi ya obokano na chini ya kinywa cha mzee, akasikiliza, akaisogeza upana wa kiganja, akasikiliza tena. Kuku walifukuzwa. Mzee alipiga hadi alipotaka kuacha mwenyewe, bila mtu kumkatiza. Tuliporudisha kanda, mzee alifumba macho, na ule mvumo ulipoanza akasema neno moja tu: "Sasa."

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu au kwa jirani yenu yuko mpigaji wa obokano, au wa nyatiti, au wa ala nyingine yoyote ambayo vijana wamekwisha kuisahau, usimngojee mgeni mwenye gari wala usiitegemee simu peke yake. Mtafute fundi wa kwaya wa karibu nawe, umlipe siku yake, mtake mzee idhini, kisha nendeni asubuhi, kabla ya mvua.